Umbali wa Herufi Mbili

Nchi yenyewe sitaitaja. Si kwamba naogopa, la. Ni kwamba wenyewe hawakuwahi kuafikiana jinsi ya kuiandika: kwenye noti iliandikwa hivi, kwenye stempu vile, na pale uwanja wa ndege herufi moja ilidondoka ikaachwa chini kwa sababu hapakuwa na kamati ya kuiokota. Watu wake walikuwa wapole. Tatizo lao lilikuwa ndimi. Huyu akisema Ramadhani, yule anasema Lamazani, wa tatu anaandika Ramathan, na wote hao ni mzee mmoja aliyekaa kwenye benchi la pensheni tangu alipokuwa na meno. Ukienda kupima damu wewe ni Zainabu, majibu yakirudi ni ya Sainabu, na daktari anakupa pole kwa ugonjwa wa mwenzako.

Basi serikali ikaona huruma. Na serikali ya nchi ile ikikuonea huruma, ndugu yangu, shika viatu mkononi ukimbie.

Ukaletwa mtambo. Jina lake la kiserikali lilikuwa Mtambo wa Taifa wa Kuoanisha Maandishi na Kudumisha Umoja wa Herufi, lakini watu wakauita Sikio, na jina likaganda. Kila ofisi, kituo cha polisi na gereza vilipewa kisanduku chake chenye taa nyekundu, na ikawa marufuku neno lolote la serikali kutoka bila kupitia humo. Siku ya kuutambulisha, Mkurugenzi wake, Profesa Mhandisi Baltazari Kumbwita, alisimama mbele ya umma. Alikuwa na shahada nyingi mno; mshereheshaji akianza kuzitaja, watu wa nyuma walisinzia kabla hajafika kwenye jina.

"Ndugu wananchi," alisema, "Sikio halisomi kama mnavyosoma ninyi. Sikio kwanza linasikia. Linajua kwamba R na L ni mapacha, hata mama yao huwachanganya. Linajua kwamba DH, Z, TH na S ni ukoo mmoja, wanakula sahani moja. Likishasikia, linahesabu. Herufi ngapi nitoe, ngapi niongeze, ngapi nibadilishe, ili neno hili liwe lile? Zikizidi mbili, hayo ni maneno mawili, kila moja lina mwenyewe. Zikiwa mbili au pungufu, ni neno moja, na Sikio litaliandika vile ambavyo serikali inalijua."

Watu wakapiga makofi, na haki yao. Mzee wa pensheni alipata pensheni yake akiwa Ramadhani mmoja, akalia kwa furaha. Bunge likapitisha Sheria ya Herufi Mbili kabla ya chai ya saa nne. Mbunge mmoja aliuliza kwa nini mbili na si moja, akajibiwa kwamba serikali haina uchoyo.

Mambo madogo madogo hayakukosa. Hospitali ya wilaya iliagiza dawa, ikaletewa dua: lori zima la masheikh na wachungaji, wakashuka, wakaomba wodi kwa wodi, wakaondoka. Shule ziliomba kalamu, zikaandaliwa karamu, na kwa kuwa watoto ni wadogo, karamu ikaliwa na maofisa wa elimu kwa niaba yao. Kuhusu kura na kula sisemi kitu, maana hapo watu walidai hawakuona tofauti na zamani.

Sasa katika mji mkuu, nyuma ya stendi kuu, walikuwepo mtu na mkewe, mafundi makochi. Mume, Lugendo Chavala, alipiga mbao na kufunga springi. Mke, Zawena, alishona vitambaa vya kuvalisha. Walikuwa na binti mmoja, Tunu, kwa hiyo wenyewe kwa wenyewe waliitana Baba Tunu na Mama Tunu, na majina yao ya cheti yalikaa kabatini yakila vumbi. Zawena alimpenda mume wake kwa namna ya watu wanaofanya kazi chumba kimoja: alimgombeza toka asubuhi mpaka jioni, na akichelewa kurudi kutoka kununua misumari, yeye anashona mshono wa kombokombo.

Siku ile askari wawili walipoingia, Zawena alidhani wamefuata kochi la mkuu wa kituo.

"Wewe ndiye Rugenda Chabara?" askari mmoja akamuuliza mume.

"Mimi Lugendo Chavala, afande."

"Ndiyo huyo huyo."

Hapa ni lazima niwaambie huyo Rugenda Chabara ni nani. Alikuwa fundi wa vipaza sauti wa taifa. Siku ya sherehe za nchi, Mtukufu Kiongozi akiwa katika saa ya nne ya hotuba yake, Rugenda alizima maiki. Wengine husema aliteleza, wengine husema alikuwa na njaa. Mtukufu aliendelea kuhutubia bila sauti, na wananchi, wakidhani amemaliza, wakashangilia kwa furaha ambayo haijawahi kuonekana, wakaenda zao nyumbani. Kosa likapewa jina la uhaini wa sauti, adhabu yake kitanzi. Rugenda mwenyewe alishavuka mpaka siku nyingi. Huko aliko, nasikia, anapiga muziki kwenye harusi.

Zawena akashuka kwenye cherehani. "Afande, subiri. Huyo mnayemtafuta jina lake lina R. Mume wangu ana L. Ngoja nikuletee kitambulisho."

"Mama, R na L ni mapacha, hazihesabiwi," askari alisema kwa upole, akanyoosha vidole. "Rugenda, Lugendo: A na O, hiyo moja. Chabara, Chavala: B na V, mbili. Inatosha. Sisi hatumwonei mtu. Ingekuwa tatu tungekwenda zetu."

"Lakini huyu ni fundi makochi."

"Kazi nazo hukaribiana, mama. Fundi ni fundi."

Wakamchukua na nyundo yake, kama kielelezo.

Kesi haikuchelewa. Zawena ndiye aliyekuwa shahidi wa pekee wa mume wake, na usiku kucha alipanga maneno yake kichwani. Alijua anachokwenda kusema, na kilikuwa kweli tupu: siku ya sherehe mume wake alikuwa nyumbani akivalisha sofa la harusi. Alipanda kizimbani akiwa amevaa kitenge chake kizuri. Mbele yake kilikaa kisanduku chenye taa nyekundu, na juu ya kichwa cha hakimu kulikuwa na skrini ambako maneno ya mashahidi yalijiandika.

"Mheshimiwa, mume wangu hakuzima," alisema.

Skrini ikaandika: Mume wangu akazima.

Zawena akadhani hakusikika vizuri, akasogea mbele. "Nimesema hakuzima. Siku ile hakuondoka nyumbani. Uwanjani hakuwepo."

Skrini ikaandika: Akazima. Siku ile akaondoka nyumbani. Uwanjani akawepo.

Sikio halikuwa na chuki naye, msije mkalisingizia. Herufi H liliiona kama pumzi tu ya kutolewa, hiyo moja, na irabu ya katikati ikawa ya pili, jumla mbili, sheria imetimia. Zawena akapandisha sauti, akaapa kwa Mungu, akaapa kwa mtoto, na kadiri alivyokana ndivyo skrini ilivyojaa. Hakwenda ikawa akaenda. Hakugusa ikawa akagusa. Jasho lilimtoka mpaka kitenge kikamganda mgongoni. Lugendo alikuwa amesimama kizimba cha pili, akisoma juu kule maneno ya mke wake, na alimtikisia kichwa polepole, kwamba basi, Mama Tunu, inatosha.

Hakimu alivua miwani. "Nimekaa kwenye kiti hiki miaka mingi," alisema, "lakini sijapata kuona mke mkweli kama huyu. Amemtaja mumewe hatua kwa hatua. Taifa lingekuwa na wanawake kumi wa namna hii, tusingehitaji polisi." Akamhukumu Lugendo kunyongwa, akaagiza shahidi apewe soda.

Zawena hakuinywa ile soda. Alitoka akakaa kwenye ngazi za mahakama, akashika tama, na kitu kimoja tu kikawa kinamzunguka kichwani: ni mimi niliyemfunga, kwa mdomo wangu mwenyewe. Watu wakampita. Wengine wakampongeza.

Lakini kulikuwa na tundu moja la sindano. Katiba ya nchi ile ilisema hakuna mtu atakayenyongwa mpaka Mtukufu mwenyewe, kwa kinywa chake, atamke neno. Na Mtukufu alikuwa na maneno mengi juu ya mambo mengi, ila wafungwa alikuwa amewasahau kabisa. Gerezani walikuwemo watu waliohukumiwa kitanzi wakiwa vijana, sasa wana mvi, wanafuga kuku. Mtu angeweza kufika uzee akisubiri neno. Wakili wa bure aliyempigania Lugendo alimwambia Zawena hivyo hivyo: "Mama, usichokoze. Aliyesahaulika ameokoka."

Kusema ni rahisi. Ninyi mmewahi kulala na redio? Kila Mtukufu alipofungua kinywa, na alikuwa akikifungua asubuhi, mchana na jioni, Zawena aliacha kushona akashika kifua. Akiongelea pamba, anasikiliza. Akiongelea mbwa wasio na leseni, anasikiliza. Neno moja tu lingemponyoka katikati ya hotuba ya pamba, na Tunu angekuwa yatima. Alikonda. Sindano ilimchoma vidole mpaka makochi ya wateja yakawa na madoa.

Akakata rufaa. Jaji wa rufaa alikuwa mtu mwenye haya, alisoma jalada, akaona kabisa kwamba fundi makochi si fundi wa maiki, akaandika hukumu ya neno moja ili isipate nafasi ya kuharibika: Afunguliwe.

Zawena alikwenda gerezani na shati lililopigwa pasi. Alikaa getini tangu alfajiri. Mchana akatoka Sajini Mbwilo, mkuu wa zamu, mtu mzito mwenye sauti ya usingizi, akamkaribisha benchi.

"Amri ya jaji imefika, mama. Tumeitekeleza saa ile ile."

"Yuko wapi sasa?"

"Ndani zaidi. Amri inasema afungiwe." Akamwonyesha karatasi, na kweli, ndivyo ilivyosema. Zilitoka herufi mbili tu, U na L, katikati ya neno, kama meno mawili ya mtoto. "Zamani alikuwa chumba chenye dirisha. Sasa yuko kile cha chini. Lakini utamwona, mimi si mtu mbaya."

Wakamleta. Alikuwa amefifia, na alikohoa kikohozi cha chini ambacho Zawena hakukijua. Walizungumza kupitia nondo, Sajini akiwa ametazama pembeni kwa heshima.

"Mama Tunu, nisikilize. Usinitetee tena."

"Niache uozee humu?"

"Kila ukisema, wanakuelewa. Hiyo ndiyo shida yetu. Nyamaza. Kimya hakina herufi za kubadilisha."

"Umekohoa damu?"

"Vumbi tu hilo."

Haikuwa vumbi. Zawena aliiona damu kwenye kiganja alichokificha, na safari nzima ya kurudi alikuwa anazungumza peke yake njiani. Angekaa kimya vipi? Chumba kile kingemmaliza mume wake kabla Mtukufu hajakumbuka chochote. Kusema kunaua, kunyamaza kunaua. Basi, alijiambia, kama kosa ni la maneno, nitakwenda yanakokaa maneno.

Akaenda makao makuu ya Sikio. Profesa Kumbwita alimpokea vizuri kupita alivyotarajia, kwa sababu tangu mtambo ufunguliwe hakuna mwananchi aliyewahi kufika kwa hiari yake. Alimwagizia chai. Alimsikiliza kisa chote akitikisa kichwa kwa raha, kama mzazi anayesimuliwa utundu wa mwanawe.

"Umeona linavyofanya kazi," alisema. "Halichoki."

"Profesa, mbona linageuza maneno yetu kuwa mabaya tu? Jaji aliandika neno zuri."

"Halichagui zuri wala baya, mama. Linayo Ghala." Akamzungushia skrini. "Tulilisha humu kila kitu ambacho serikali imepata kuandika tangu nchi ipate uhuru. Amri, hukumu, barua, hotuba. Sikio likikutana na neno, hulitafuta ghalani. Likilikuta, huliacha kama lilivyo. Lisipolikuta, hulipeleka kwa jirani wa karibu."

"Na kama serikali haijawahi kuliandika neno hilo?"

Profesa alicheka kwa huruma. "Neno ambalo serikali haijawahi kulihitaji, mama, wewe utalifanyia nini?"

Zawena akaomba ajaribu. Akavuta kiti kama anayekaa kwenye cherehani, akabonyeza herufi moja moja. Akaandika: asinyongwe. Mtambo ukafikiri kidogo. Halipo. La karibu zaidi: anyongwe. Umbali: herufi mbili. Limekubaliwa.

Alikodoa macho pale mpaka herufi zikaanza kuogelea. Tangu uhuru, katika karatasi zote za nchi ile, hakuna mkono wa serikali uliokuwa umewahi kuandika neno hilo hata mara moja.

Akajaribu aokolewe. Halipo. La karibu: aokotwe, nalo lilijaa tele, kwenye taarifa za polisi za barabarani. Akajaribu arudi. Lilikuwepo, tena ndilo lililoongoza kwa wingi ghalani, lakini limegandana na kesho na haliachani nalo: arudi kesho, arudi kesho, kurasa kwa kurasa. Akajaribu ahurumiwe, Sikio likauliza kama alimaanisha ahudumiwe, na hilo nalo lilikuwa la wageni wa kitaifa peke yao. Chai ilipoa. Profesa alikuwa akimsaidia kwa moyo kabisa, akipendekeza na yake, kama watu wanaofumbua fumbo gazetini, na mwanamke yule pembeni yake alikuwa anatafuta uhai wa mtu.

Mwisho, bila matumaini, akaandika asamehewe.

Lipo.

Akamshika Profesa mkono bila kujijua. "Lipo?"

"Lipo, tena zuri, limesimama peke yake." Profesa akasoma chini ya kioo. "Wawekezaji hao. Kodi. Kila mwaka wamelitumia sana. Sikio haliligusi hilo, likiingia asamehewe, linatoka asamehewe."

Zawena alilia palepale, kwa sauti, kitu ambacho hakuwa amekifanya mahakamani wala gerezani. Lilikuwepo neno moja la kutoka. Wenye viwanda walikuwa wamelitoboa wakapita, naye angepita humo humo. Ilibaki kumpata Mtukufu alitamke. Lilelile, si lingine.

Na bahati, kama ni bahati, ikamjia mbio. Profesa alikuwa na shida yake: wiki ile Mtukufu alikuwa anakuja kuzindua jengo jipya la Sikio, na ratiba ilidai awepo mwananchi mmoja mwenye furaha, wa kushukuru kwa niaba ya wengine. Walikuwa wametafuta idara nzima wakamkosa. Profesa akamtazama Zawena aliyekuwa anafuta machozi huku akicheka, akaona hakuna furaha kubwa kuliko ile.

Siku ya uzinduzi uwanja ulifurika. Shule zilifungwa, masoko yakafungwa, hata redio zikaamriwa zifunguliwe kila mahali, magerezani pia, ili asikosekane mtu wa kusikia. Mtukufu alikata utepe, akahutubia juu ya herufi, akahutubia juu ya mababu waliokufa bila kujua herufi, akapumzika, akaendelea. Kisha Zawena akaitwa. Akapewa maiki. Karatasi ya shukrani aliyoandikiwa aliikunja akaitia kifuani.

Alipiga magoti. "Mtukufu, baba wa taifa," alisema, na sauti yake ikatoka kwenye spika zote, "nina mume yuko gerezani. Hana kosa. Yuko chumba cha chini, anakohoa damu. Nakuomba, baba, kwa neno moja tu. Sema asamehewe. Sikuombi kingine. Tamka tu, asamehewe."

Wasaidizi waligeuka rangi. Profesa Kumbwita alianza kutafuta mlango. Lakini Mtukufu alikuwa ameshiba, na jua lilikuwa limekwishapungua ukali, na kulia kwa mwanamke mbele ya umati ni jambo linalompendeza kiongozi. Akauliza ni kosa gani. Akanong'onezwa. Uso ukamkaza, kisha ukalegea, kisha ukapata ukubwa wa kihistoria.

"Mama huyu," alisema, "ananitaka nisamehe. Ndugu wananchi, nitasameheje? Anayesamehe ni aliyekosewa. Nikisamehe, nitakuwa nimekiri mbele yenu kwamba alipata kuzaliwa mtu akanizima mimi. Mimi sizimiki." Makofi. "Hivyo neno hilo dogo, la watu wa kodi, sitalitamka. Lakini mimi si jiwe. Nina moyo, tena mpana. Nitamke kubwa zaidi, ambalo hajawahi kulitamka kiongozi yeyote wa nchi hii tangu uhuru."

"Baba," Zawena alisema. "Baba, hapana. Lile dogo linatosha."

"Asinyongwe."

Mji ulilipuka kwa vigelegele. Ngoma zikapigwa, watu wasiojuana wakakumbatiana, na wazee walilia wakisema hawakudhani watafikia siku hii. Zawena alikuwa ameishika miguu ya Mtukufu kwa mikono yote miwili. "Sema asamehewe, baba. Hilo halipo. Hilo halimo ghalani. Naomba urudie, baba, urudie kwa lile lingine." Maiki ilikuwa imekwishachukuliwa mikononi mwake. Mtukufu akamtazama kule chini akaguswa sana.

"Anashukuru," aliwaambia wasaidizi. "Mwacheni ashukuru."

Na neno la Mtukufu halirudiwi, hilo kila mtoto wa nchi ile alilijua. Chini ya jukwaa taa nyekundu ilishawaka. Profesa Kumbwita, ambaye kazi yake ilikuwa imeokoka kwa tundu la sindano, alilipokea neno kwa mikono yake mwenyewe, akaliingiza, na alikuwa anatabasamu. Sidhani kama alikumbuka kwamba neno hilo halimo ghalani. Msimwonee, alikuwa na mengi siku hiyo.

Zawena alikimbia. Aliacha viatu jukwaani, akakata katikati ya wacheza ngoma waliotaka kumbeba juu juu, akakimbia njia yote ya gerezani akisema hapana, hapana, hapana, na watu waliompisha njia walimpungia mikono.

Sajini Mbwilo alimkuta getini ameshika nondo, hana pumzi. Akafungua mlango mdogo, akampa kiti, akampa maji, akakaa naye.

"Alisikia," Sajini alisema. "Redio tulikuwa nayo. Tulisikia wote, Mtukufu akisema asinyongwe, tena kwa sauti. Mimi mwenyewe nilishuka kumfungulia, nikampa mkono. Aliniuliza kama anaweza kupata maji anawe uso, usimwone mchafu. Alicheka, mama. Sikuwa nimewahi kumwona akicheka."

Zawena aliweka maji mezani.

"Kisha karatasi ikatoka."

"Sajini, mlimsikia kwa masikio yenu."

"Tulisikia."

"Alisema nini?"

"Alisema asinyongwe."

"Sasa?"

Sajini aliinamisha kichwa, akakwaruza meza kwa ukucha. "Masikio yetu hayana muhuri, mama. Nilimwonyesha karatasi ili asije akadhani ni mimi. Aliisoma. Akasema, Mama Tunu amesema tena." Akaikunja ile karatasi. "Shukuru Mungu hakukaa muda mrefu. Kuna wazee humu wanalisubiri neno la Mtukufu tangu ujana wao, hawajalipata."

Wakamletea kifurushi cha nguo, na shati lile lililopigwa pasi, alilomwachia siku ile, likiwa juu. Sajini akawasha kisanduku kilichokuwa mezani, maana utaratibu ulitaka aliyefiwa aulizwe kabla hajatoka.

"Una neno lolote, mama?"

Alikuwa nalo. Alikuwa na maneno ya kuujaza mji ule mpaka madirishani. Akafungua kinywa, na taa nyekundu ya Sikio ikawaka, ikimsubiri. Kila alichopata kukiambia kisanduku kile kilimgeukia, na watu wakampongeza, na mume wake akasogea hatua moja mbele kuelekea kamba. Sasa hakuwa na mume mwingine wa kusogeza, lakini alikuwa na Tunu. Akafumba kinywa. Akachukua kifurushi, akatoka.

Sajini alingoja mpaka alipopotea barabarani. Kisha, kwa kuwa nafasi ya jibu lake haikuruhusiwa kubaki wazi, akaijaza mwenyewe: Mjane hana neno. Sikio likapitia. Maneno yote yalikuwemo ghalani, na halikubadilisha hata herufi moja.